Pikipiki na Kiunzi Chake

Jioni hii nataka kunena nanyi juu ya chombo ambacho kila mmoja wetu hukiona kila siku, na ambacho wengi wetu hukipanda, lakini ni wachache wakiulizao habari zake. Chombo hicho ni pikipiki. Sitanena juu ya injini, maana habari za injini vijana wazijua kunipita mimi; ukitaka kujua ni injini gani ipandayo mlima upesi, kaulize kijiwe chochote cha Ngamiani, nawe utajibiwa kabla hujamaliza swali. Nitanena juu ya kile kiibebacho injini, yaani kiunzi, ambacho mafundi hukiita fremu, pamoja na uma wa mbele, magurudumu, springi, na mahali uzito unapokaa. Injini ndiyo iikimbizayo pikipiki, lakini kiunzi ndicho kiamuacho kama itakwenda pale dereva anapotaka iende. Mtu akibadilipo bila kukipima, hata awe hodari wa kuchomelea namna gani, anacheza na jambo asilolijua.

Nianze na mkasa mmoja. Kijana wa hapa Tanga, mtu wa bidii na mwenye mikono myepesi, alinunua pikipiki kuukuu yenye injini ya cc 125. Alikuwa ameona picha za pikipiki za mashindano, jinsi zinavyoinama mbele na kuinuka nyuma kama paka atakaye kuruka, naye akatamani yake ifanane nazo. Akalegeza vishikio vya uma, akaishusha pikipiki mbele kwa milimita 30. Nyuma akatia shokapu ndefu zaidi, akaiinua kwa milimita 35. Siku mbili alizunguka mjini, na kila aliyemwona alimsifu. Siku ya tatu akashika njia ya Muheza. Alipofika mwendo wa kilometa 80 kwa saa, tairi ya mbele ikapita juu ya kibonde kidogo, na mara usukani ukaanza kutikisika mikononi mwake, kushoto na kulia, upesi kama mkia wa mbuzi. Akaushika kwa nguvu, ukazidi. Akafunga breki, ukazidi tena. Alipopata fahamu alikuwa ukingoni mwa barabara, na mtulinga wake umevunjika.

Jirani mmoja alisema ni jicho la hasidi. Mwingine alisema ni tairi mbovu. Kijana mwenyewe alinijia, mkono umefungwa shingoni kwa kitambaa, akasema, "Shikamoo, Mwalimu. Nimebadili milimita chache tu. Imekuwaje?" Swali hilo ni jema, nami nitalijibu hatua kwa hatua.

Yatupasa kwanza tujue kwa nini chombo chenye magurudumu mawili hakianguki. Mtoto akisimamisha ufagio juu ya kiganja chake, ufagio hutaka kuanguka. Ukielekea kushoto, mtoto hupeleka mkono kushoto, na kiganja chake hurudi chini ya uzito wa ufagio. Ukielekea kulia, hufanya vivyo hivyo upande wa kulia. Ufagio haukai wima kwa sababu umetulia. Unakaa wima kwa sababu mkono haukomi kuufuata. Pikipiki nayo ni hivyo. Ikianza kuangukia kushoto, gurudumu la mbele hugeuka kidogo kushoto, na tairi zote mbili huletwa tena chini ya uzito. Jambo hili hutendeka mara nyingi katika kila dakika, na sehemu kubwa hutendeka bila dereva kujua. Basi usukani ndio kiganja cha mtoto. Lo lote liuzuialo usikimbilie upande wa kuanguka, au liufanyao upite kiasi, laharibu kule kusimama kwenyewe.

Watengenezaji wa kwanza hawakulijua jambo hili vyema. Mwaka 1885, huko Ujerumani, Gottlieb Daimler na Wilhelm Maybach walitengeneza chombo cha magurudumu mawili chenye kiunzi cha mti na injini ya mafuta. Wengi hukihesabu kuwa ndicho pikipiki ya kwanza ya namna hiyo. Lakini walilazimika kukitia magurudumu mawili madogo ubavuni, moja kila upande, mfano wa ngalawa zetu zenye miti miwili ya kuzizuia zisipinduke. Mvuvi wa Pangani angalikiona chombo hicho angalielewa mara moja sababu yake. Pikipiki za baadaye ziliyaacha magurudumu yale ya ubavuni, kwa kuwa mafundi walijifunza kuuweka uma wa mbele kwa namna ambayo gurudumu lajirudisha lenyewe.

Namna hiyo ni ipi? Tazama kitanda cha hospitali chenye magurudumu madogo, au meza ya kusukuma. Kila gurudumu limefungwa nyuma ya pini yake, si chini yake barabara. Ukisukuma kitanda, magurudumu hugeuka yenyewe, yakaifuata pini kama ndama amfuatavyo mamaye. Pikipiki ina siri hiyo hiyo. Ukiitazama kwa ubavu, utaona kwamba shingo ya usukani haikusimama wima, imelala nyuma. Ukiurefusha mstari wa shingo ile mpaka chini, utaigusa ardhi mbele ya mahali tairi inapoigusa. Kwa hiyo mguso wa tairi u nyuma ya mstari wa usukani, nao huufuata. Umbali huo baina ya mstari na mguso wa tairi na tuuite mburuzo, maana tairi ni kama inaburuzwa. Mburuzo ukiwa mrefu, pikipiki hushika njia iliyonyooka kwa nguvu, lakini ni nzito kugeuza. Ukiwa mfupi, hugeuka upesi, lakini huwa na wasiwasi, na kila kijiwe cha barabarani huugusa usukani.

Kuupima si kazi ngumu. Simamisha pikipiki wima mahali palipo sawa, mpanda akiwa amekaa juu yake na wenzake wameishika. Chukua kijiti kirefu kilichonyooka, ukilaze ubavuni mwa gurudumu la mbele, kikifuata mstari ule ule wa shingo ya usukani, mpaka kiguse ardhi. Tia alama hapo. Kisha teremsha timazi, ile ya mwashi, kutoka katikati ya ekseli ya mbele mpaka chini. Tia alama ya pili. Umbali baina ya alama mbili ndio mburuzo. Katika pikipiki nyingi za barabarani ni kama milimita 90 hadi 110.

Sasa turudi kwa kijana wetu. Baina ya ekseli zake mbili palikuwa na milimita 1,250. Alishusha mbele 30 na kuinua nyuma 35, jumla 65. Mtu ajuaye hesabu za pembetatu ataona kwamba pikipiki nzima iliinama mbele kwa digrii 3. Ikiwa shingo ya usukani ililala digrii 27, sasa yalala digrii 24. Gurudumu lake, pamoja na tairi, lilikuwa na milimita 300 kutoka ekseli mpaka ardhi, na uma ulitangulia mbele ya mstari wa shingo kwa milimita 40. Kwa vipimo hivi mburuzo wa kwanza ulikuwa milimita 108, na wa pili 90. Milimita chache alizozibadili zimekata sehemu moja katika sita ya mburuzo wake.

Hapo kijana alinipinga, na hoja yake ilikuwa ya haki. Alisema, "Lakini, Mwalimu, pikipiki za mashindano shingo yake hulala digrii 23 au 24 tu, nazo hukimbia kupita 300 kwa saa." Ni kweli. Lakini aliyeitengeneza pikipiki ile hakuinua nyuma akaenda zake. Aliposimamisha shingo alipunguza pia ule umbali wa uma kutangulia mbele. Ukichukua gurudumu lile lile la milimita 300 na shingo ya digrii 24, lakini uma utangulie kwa milimita 30 badala ya 40, mburuzo hurudi kuwa milimita 100 na kidogo. Tena hutiwa kiunzi kigumu kisichojipinda, tairi pana, na mara nyingi kifaa cha mafuta cha kutuliza mtikisiko wa usukani. Kijana wetu alichukua pembe ya pikipiki ya mashindano, akaacha yote yaliyoandamana nayo. Ni kama mtu aliyeazima tanga la jahazi akalitweka juu ya mtumbwi.

Hata hivyo, haki itendeke: kupungua kwa mburuzo peke yake hakukumwangusha. Tulipoichunguza pikipiki tuliona makosa mengine mawili yaliyokuwapo tangu zamani. Beringi za shingo ya usukani zilikuwa zimelegea. Ukiishika ekseli ya mbele na kuivuta ulisikia mgongo mdogo, tiki, tiki. Na gurudumu la nyuma lilikuwa limekazwa upande, halikuwa katika mstari mmoja na la mbele. Lilikosea kwa milimita 10. Kabla ya mabadiliko, mburuzo mrefu uliyaficha makosa hayo. Ulipopungua, yakajitokeza. Ndivyo ilivyo ajali nyingi za vyombo: kosa moja hustahimiliwa, mawili huvumiliwa, la tatu huita yote mawili.

Mburuzo si habari yote. Kwa miaka mingi watu walidhani kwamba pikipiki na baisikeli husimama kwa sababu mbili tu, yaani mburuzo na ile nguvu ya gurudumu lizungukalo, kama pia ya watoto. Mwaka 2011 wataalamu wa vyuo vikuu vya Delft, Uholanzi, na Cornell, Marekani, walitangaza habari za baisikeli yao ndogo ya majaribio. Waliyafungia magurudumu yake mengine yanayozunguka kinyume, ili nguvu ya pia ifutike. Mburuzo nao waliuondoa kabisa, hata tairi ikagusa ardhi mbele kidogo ya mstari wa shingo. Hata hivyo, iliposukumwa bila mpanda, ilikwenda ikajisimamisha yenyewe! Waliuweka uzito wa sehemu ya mbele, ile igeukayo pamoja na usukani, chini na mbele. Basi baisikeli ilipoanza kuanguka, sehemu ile ilitangulia kuanguka, ikaugeuza usukani upande unaotakiwa. Jaribio hili latufundisha kwamba mahali uzito unapokaa ni jambo kubwa sawasawa na pembe na vipimo. Na hapa ndipo linapowagusa hata wale wasiokata wala kuchomelea chuma cho chote, maana kila apakiaye mzigo hubadili mahali pa uzito.

Mwaka 2010 Serikali ya Tanzania ilitoa kanuni za leseni za kuchukua abiria kwa pikipiki, na tangu hapo bodaboda zimekuwa mkate wa vijana wengi. Tuchukue mfano wa hesabu. Pikipiki na dereva wake ni kilo 185 pamoja, na katika hizo kilo 78 hulilemea gurudumu la mbele; hiyo ni zaidi kidogo ya sehemu 40 katika mia. Sasa wanapanda abiria wawili wa kilo 60 kila mmoja. Wa kwanza amekaa mbele kidogo ya ekseli ya nyuma, wa pili amekaa nyuma yake kwa kiasi kile kile, hata athari zao juu ya gurudumu la mbele zikafutana. Kisha unafungwa gunia la kilo 50 juu ya keria, sentimita 40 nyuma ya ekseli. Gunia hilo ni kama mtoto mnene aliyekaa upande mmoja wa pembea. Laliinua gurudumu la mbele na kuliondolea kilo 16. Uzito wote umekuwa kilo 355, lakini gurudumu la mbele labeba kilo 62 tu. Si sehemu 40 katika mia tena, ni 17 na nusu.

Ukipanda mlima na mzigo huo, uzito hurudi nyuma zaidi. Katika mwinamo wa moja kwa kumi, ikiwa kiini cha uzito kiko sentimita 80 juu ya ardhi, kilo 23 nyingine huhamia nyuma, na mbele hubaki kilo 39. Gurudumu la mbele ndilo ligeuzalo, nalo ndilo lenye breki ya maana kuliko la nyuma. Kilo 39 haziwezi kuishika ardhi kama kilo 78. Kwa hiyo dereva apandaye kwenda Amani na mzigo kama huo husema, "Usukani umekuwa mwepesi," akadhani ni jambo la raha. Wepesi huo ni dalili ya hatari. Fundi arefushaye keria kwa kipande cha bomba ili gunia la pili lipate nafasi, haongezi nafasi tu. Arefusha mkono wa pembea, na kila sentimita anayoiongeza yalinyang'anya gurudumu la mbele uzito wake. Mzigo ukiwezekana na uje mbele, karibu na mgongo wa dereva, na ukae chini.

Sasa tuingie konani. Pikipiki haigeuki kama motokaa, hulala. Kadiri mwendo unavyozidi na kona inavyobana, ndivyo inavyopaswa kulala zaidi. Katika kona ambayo nusu kipenyo chake ni mita 30, mwendo wa kilometa 40 kwa saa wataka pikipiki ilale digrii 23 hivi. Ukiingia kona hiyo hiyo kwa 60, yakupasa ulale digrii 43. Mwendo umezidi kwa nusu tu, kulala kumekaribia kuwa mara mbili, na mshiko unaotakiwa baina ya tairi na barabara umezidi mara mbili. Lami kavu na tairi nzuri huweza kuutoa mshiko huo kwa shida. Changarawe haiwezi, na mchanga uletwao na upepo barabarani upande wa Kigombe haukaribii kabisa. Njia itokayo Mombo kwenda Soni na Lushoto hupanda karibu mita 1,000 katika kilometa 30 na kidogo, nayo ni kona juu ya kona. Ateremkaye pale kwa haraka hajaribu ushujaa wake, anajaribu hesabu, na hesabu haina huruma.

Kuna ajabu moja katika kulala huku. Ili pikipiki ilalie kulia, usukani husukumwa kwanza kidogo kushoto. Tairi hutoka chini ya uzito, na uzito huangukia kulia. Ndipo usukani hufuata. Wilbur Wright, yule aliyetengeneza eropleni pamoja na nduguye Orville, na ambaye kabla ya hapo alikuwa mfanya biashara wa baisikeli, alilitambua jambo hili, akaona kwamba waendeshaji wengi hulifanya bila kujua kwamba walifanya. Dereva alijuaye hulifanya kwa kusudi: ng'ombe akitokea ghafula, husukuma mpini wa upande anaotaka kwenda, na pikipiki hutii mara moja. Asiyejua huukaza usukani kwa mikono miwili, akaenda moja kwa moja kwa ng'ombe.

Mambo haya yote watu wa mashindano waliyajifunza kwa gharama. Mwaka 1966 na 1967 kampuni ya Honda ya Japani ilikuwa na injini ya cc 500 yenye nguvu nyingi, na mpanda wake alikuwa Mike Hailwood, Mwingereza, mmoja wa mabingwa wakubwa waliopata kuonekana. Lakini kiunzi hakikulingana na injini. Pikipiki iliyumba konani, na bingwa mwenyewe alishindana nayo kabla ya kushindana na wenzake. Miaka yote miwili ubingwa ulichukuliwa na Mwitalia Giacomo Agostini juu ya MV Agusta. Mwaka 1967 walilingana: kila mmoja alishinda mara tano, na kila mmoja alikuwa na pointi 46; Agostini alipewa ubingwa kwa kuwa na nafasi za pili nyingi zaidi. Ubingwa wa dunia ulipotea kwa unywele mmoja, na si kwa sababu injini ilikosa nguvu.

Mfano wa kinyume ni wa Rex McCandless, fundi wa Ireland ya Kaskazini, aliyejifunza kwa mikono yake kuliko darasani. Yeye aliitengenezea kampuni ya Norton kiunzi cha mabomba ya chuma yaliyopindwa kuwa duara mbili ndefu, zikipita pande mbili za injini na kukutana katika shingo ya usukani, na nyuma akatia mkono uchezao kwa springi. Mwaka 1950 Geoff Duke aliipanda pikipiki hiyo akashinda mbio kubwa za kisiwa cha Man, mbio zilizoanza mwaka 1907. Injini yake ilikuwa ya silinda moja, wakati Waitalia wa Gilera walikuwa na silinda nne. Mpanda mmoja alipoijaribu alisema ni kama kukaa juu ya kitanda cha manyoya ya ndege, na jina hilo likakishika kiunzi kile. Vijana wa Uingereza wasio na fedha walivitafuta viunzi hivyo, wakatia ndani yake injini za Triumph, wakaziita pikipiki zao Triton. Hivyo ndivyo mtu wa kawaida alivyoingia katika kazi ya kujitengenezea pikipiki ya mashindano nyumbani.

Nako New Zealand mtu aitwaye John Britten, akifanya kazi na rafiki zake katika karakana ya nyumbani mjini Christchurch, alitengeneza pikipiki ambayo injini yenyewe ndiyo kiunzi. Uma wa mbele na mkono wa nyuma vilifungwa juu ya injini. Mwaka 1991 pikipiki zake zilishika nafasi ya pili na ya tatu katika mbio za Daytona, Marekani. Alifariki mwaka 1995, umri wake miaka 45. Hakuwa na kiwanda, lakini alikuwa na desturi ya kupima, kujaribu, na kuandika.

Kwetu Afrika ya Mashariki yako mashindano ya pikipiki za matuta, kama yale ya Busiika, Uganda, na ya Jamhuri Park mjini Nairobi. Na vijana wetu wa pwani hawakosi mikono wala akili. Mtu akitaka kutengeneza pikipiki ya kiwanjani, mimi nampa mashauri haya. Kwanza, aanze kwa kurudisha, asianze kwa kubadili: atie beringi mpya za shingo na za magurudumu, na aangalie kama mkono wa nyuma una mchezo. Pili, anyoshe uzi kutoka tairi ya nyuma mpaka ya mbele, pande zote mbili, ahakikishe kwamba magurudumu yako katika mstari mmoja. Asizitegemee alama za kiwandani peke yake. Tatu, aketi juu ya pikipiki apime springi zimebonyea kiasi gani. Theluthi moja ya mchezo wake wote ni kiasi chema. Zisipobonyea kabisa, gurudumu litaruka juu ya kila kibonde. Zikibonyea mno, hazitakuwa na nafasi ya kufanya kazi.

Nne, auogope moto. Bomba la kiunzi lililopashwa moto mno karibu na mshono hupungua nguvu, nalo huvunjika hapo hapo, kando ya mahali palipochomelewa, na si juu yake. Shingo ya usukani iliyopata kupinda isinyoshwe kwa nyundo na kutiwa rangi. Rangi haishiki uzito. Tano, abadili jambo moja tu kwa wakati mmoja, aliandike katika daftari pamoja na tarehe, na ajaribu kabla ya kubadili la pili. Abadiliye matatu pamoja, hata akifaulu hajui ni lipi lililomfaa. Sita, majaribio yafanyike mahali palipofungwa, amevaa kofia ngumu, koti nene na viatu. Barabara ya Muheza ina watoto watokao shule na akina mama wenye vikapu vya machungwa. Hao hawakujiandikisha katika mashindano ya mtu.

Wazee wetu wa pwani husema kwamba chombo cha kuzama hakina usukani. Lakini manahodha waliosema hivyo hawakuacha hata siku moja kuukagua usukani kabla ya kung'oa nanga. Kijana wetu amepona. Alitoa zile shokapu ndefu, akaurudisha uma mahali pake, akatia beringi mpya, akaliweka sawa gurudumu la nyuma kwa uzi, akapima mburuzo wake kwa timazi aliyoiazima kwa mwashi. Ulikuwa milimita 107. Aliandika tarakimu hiyo kwa chaki ukutani mwa karakana yake, na sasa kila pikipiki iletwayo kwake huipima kwanza kabla hajashika spana. Timazi ya mwashi bado hajairudisha.